Kuyapima Maji Kabla ya Kuyaingia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba nchi kavu na maji, akavifanya vyote viwili kuwa njia ya riziki kwa waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila afuataye mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, mlioko misikitini na mnaotusikiliza majumbani, twakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hudhani si la mimbari: namna ya kuyapima maji ya ziwa na mto kabla ya kuyaingia, iwe kwa kuogelea, kwa kuvua au kwa kusafiri. Nalo ni la mimbari, kwa sababu uhai ni amana, na kila mwenye amana ataulizwa.

Sisi wakazi wa Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa twaishi baina ya maziwa mawili. Magharibi, chini kabisa, liko Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachopita mita 1,400. Mashariki, chini ya milima ya Mbizi, liko Ziwa Rukwa, ambalo kina chake ni cha mita chache tu. Mtu aliyekulia huku juu, penye mahindi, ulezi na ng'ombe, akiteremkia Kasanga, Kirando au Muze, ni mgeni wa maji. Na mgeni humwuliza mwenyeji.

Wako wasemao, "Sisi tumetawakali, lililoandikwa litakuwa." Ndugu zetu, mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga kisha atawakali, naye alimwamrisha amfunge kwanza. Basi kuyatazama maji ndiko kumfunga ngamia.

Yatazameni kwa namna gani? Katika Ziwa Tanganyika, msidanganywe na mbingu safi. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hakuna na jua lang'aa, lakini huo ndio msimu wa upepo wa kusi, uinuao mawimbi makubwa, hasa upande wetu wa kusini mwa ziwa. Majira ya mvua hatari hubadilika sura: wingu jeusi lenye radi, likitanguliwa na upepo wa baridi wa ghafla, huleta dhoruba kwa muda mfupi. Aonaye dalili hiyo na aelekee pwani upesi, asingoje kuhakikisha.

Mvuvi wa dagaa ana mtihani wa ziada. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na taa hufaa zaidi usiku usio na mwezi. Basi usiku ulio mwema kwa kuvua ndio usiku ambao mtu hawezi kuliona wingu likija. Kwa hiyo ziwa lipimwe kabla ya Magharibi: upepo watoka wapi, mawingu yamekaa wapi, na je, mawimbi ya mbali yana povu jeupe? Na redio isikilizwe, kwani Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi.

Ama Ziwa Rukwa, uchache wa kina chake usimhadae mtu. Katika maji mafupi upepo huinua upesi mawimbi yaliyosimama na kufuatana, yakaujaza mtumbwi kabla mwenyewe hajawahi kuyafua maji. Maji yake ni ya tope, na ndani yake wamo mamba na viboko ambao jicho haliwaoni. Tena ziwa hili hupungua na kupanuka: mwaka 1929 urefu wake ulikuwa karibu kilomita 50, na mwaka 1939 ulikuwa karibu kilomita 130. Mahali alipopita mzee kwa miguu, huenda mjukuu leo apahitaji mtumbwi.

Na mito nayo ina lugha yake. Mvua huweza kunyesha juu milimani hali bondeni kuna jua. Mkiona maji yamegeuka rangi, yanachukua majani na vijiti, na mvumo wake umezidi, tokeni mtoni mara moja na waiteni watoto. Maji yaendayo kasi, yakifika magotini tu, humwangusha mtu mzima. Kungoja yapungue ni saa chache. Msiba ni wa umri mzima. Na enyi wanafunzi, msijitupe kwa kichwa katika maji msiyoyajua kina, wala msiogelee peke yenu, wala katika maji yaliyotuama yenye majani na konokono, kwa kuwa humo hukaa kichocho.

Kuhusu vyombo, yatupasa kukumbuka Ziwa Viktoria. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Nacho kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi chake. Kwa hiyo nchi kavu kuwa karibu si usalama. Abiria anayeona chombo kimejaa na asishuke, na anayemhimiza nahodha aondoke kwa kuwa harusi au matanga yatampita, ana fungu lake katika lawama. Na tajiri wa chombo anayemtisha nahodha kwa ujira wake, naye ajue kwamba ataulizwa.

Twajua kwamba lililo zito ni kurudi. Mtu huogopa kuitwa mwoga. Basi na tumkumbuke Sayyidna Umar (R.A.), aliyekuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kwamba huko kuna tauni. Alishauriana na wenziwe, akarudi. Abu Ubayda alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kwamba anaitoka kadari moja ya Mwenyezi Mungu kuiendea nyingine. Ikiwa Umar alirudi, nani atamcheka nahodha wa Kipili aliyerudi?

Yako mafundisho kwamba Mwislamu aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni faraja kwa wafiwa, wala si ruhusa kwa wajao kujitia katika maangamizo, jambo tulilokatazwa katika Sura ya Al-Baqara. Na anayemwona mwenziwe akizama asimrukie kwa pupa, wasije wakafa wote wawili; amtupie kamba au dumu tupu, au amnyoshee mti, huku akipiga kelele za msaada.

Ewe Mola wetu, walinde wavuvi na wasafiri wetu, warehemu waliochukuliwa na maji, na utupe macho ya kuona ishara zako na moyo wa kurudi panapostahili. Twayasema haya, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na ninyi. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.