Mamlaka ya Mtoa Huduma Yaishie Wapi? Mipangilio Iliyofungwa Katika Ruta za Majumbani

Nyumba ikishaunganishwa na faiba, fundi huacha ukutani kisanduku kimoja chenye kazi mbili. Kwanza hupokea mwanga unaopita katika waya wa kampuni na kuugeuza kuwa data. Pili huigawa data hiyo kwa simu, kompyuta, televisheni na kamera za nyumba nzima. Kazi ya kwanza ni ya mtandao wa kampuni, ya pili ni ya nyumba. Lakini kwa kuwa zote zimo ndani ya kisanduku kimoja, kampuni nyingi huzifungia pamoja: mteja anaachiwa abadili jina la waifai na nywila yake, basi. Ninachotaka kukitetea leo ni kwamba mamlaka ya mtoa huduma yafike pale tu yanapofika madhara. Mpangilio ambao ukivurugwa unawaumiza majirani au mtandao mzima, ubaki mikononi mwa kampuni. Mpangilio ambao athari yake haivuki mlango wa nyumba uwe wa mwenye nyumba, na asipotaka kuugusa, hiyo ni hiari yake.

Wanaosema kwamba mipangilio hii ni mambo ya mafundi tu hawajatazama inafanya nini. Seva ya majina ndiyo inayoamua jina la tovuti litafsiriwe kuwa anwani gani. Mzazi akiweza kuichagua mwenyewe, anaweza kuelekeza nyumba yake kwenye seva inayokataa tovuti za ngono, na kwa hatua moja akawalinda watoto kwenye kila kifaa. Ikifungwa, itambidi azunguke simu moja baada ya nyingine, na kwenye televisheni huenda asiweze kabisa. Au chukua masafa ya waifai. Katika bendi ya 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Kwenye jengo la ghorofa lenye ruta kadhaa kila sakafu, asiyeweza kubadili chaneli ataendelea kulipia kasi asiyoipata, huku kampuni ikipima waya wake na kumjibu kwamba kila kitu ni sawa. Mwenye nyumba anayeishi na wapangaji anahitaji mtandao wa wageni uliotengwa, ili simu ya mpangaji isione kompyuta yake. Aliyefunga kamera anahitaji kufungua njia ya kuitazama akiwa safarini. Akikosa njia hiyo, atatumia huduma ya mtengenezaji wa kamera, na picha za ua wake zitapitia seva za watu asiowajua katika nchi nyingine. Hapo kufunga mpangilio hakukuondoa hatari, kumeihamisha tu mahali ambapo mteja hawezi kuisimamia.

Jibu la kwanza la watoa huduma ni usalama: mteja asiyejua ataacha milango wazi na wadukuzi wataingia. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa, ila matukio makubwa ya miaka ya karibuni hayaiungi mkono kama inavyodhaniwa. Tangu mwaka 2004 kuna kanuni ya kiufundi inayoitwa TR-069, ambayo kwayo kampuni husimamia ruta za wateja kwa mbali. Mwishoni mwa Novemba 2016, wadukuzi waliokuwa wakijenga jeshi la vifaa vilivyotekwa kwa kutumia aina ya kirusi cha Mirai walishambulia dunia nzima kupitia poti 7547, ambayo ndiyo ya usimamizi huo. Nchini Ujerumani wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipoteza huduma, kwa sababu ruta zao zilishindwa kuhimili mashambulizi hayo hata pale ambapo kirusi hakikufanikiwa kuingia. Mlango uliogongwa haukufunguliwa na mteja asiyejua. Uliwekwa kwa ajili ya kampuni. Oktoba 2023, nchini Marekani, zaidi ya ruta 600,000 za mtoa huduma mmoja ziliuawa katika muda wa siku tatu hivi, zikawa hazifai tena mpaka kubadilishwa. Ukubwa wa madhara hayo unaendana na jambo moja: nyumba laki sita zilikuwa na vifaa vya aina chache tu. Simaanishi kwamba mteja peke yake angejilinda vizuri zaidi. Ninachosema ni kwamba kumnyima mteja mamlaka hakujawa kinga, na pale vifaa vyote vinapofanana, kosa moja huwapata wote siku moja.

Kuna ushahidi mwingine ulio karibu na mafundi wetu. Nywila za utawala za aina nyingi za visanduku vya faiba zimeshasambaa mtandaoni, na mara nyingi nywila moja hutumika kwa vifaa vyote vya aina hiyo. Kwa hiyo kufuli hili humzuia mteja mwaminifu anayefuata mkataba, wala halimzuii mwenye nia mbaya. Uingereza imechagua njia yenye maana zaidi: tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria yake inakataza vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na mtandao kuuzwa vikiwa na nywila moja ya kiwandani kwa vyote. Hapo sheria inashughulikia udhaifu wenyewe bila kumgusa mwenye nyumba.

Swali la nani anatawala kifaa kilicho mwisho wa laini si geni. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya Marekani iliamua shauri la Carterfone, kifaa cha Thomas Carter kilichounganisha redio ya upepo na simu ya mezani. Kampuni ya AT&T ilikuwa imekataza kuunganisha kwenye laini zake kitu chochote isichokitoa yenyewe, kwa hoja kwamba vifaa vya nje vingeharibu mtandao. Tume ilitupilia mbali katazo hilo: kifaa kisichodhuru mtandao kiruhusiwe. Mashine za faksi na modemu za nyumbani zilipata nafasi ya kuenea kutokana na msingi huo. Ulaya iliandika jambo hilo kwa uwazi katika kanuni yake namba 2015/2120, inayompa mtumiaji wa intaneti haki ya kutumia kifaa anachokichagua. Ujerumani ikaenda mbali zaidi. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2016, mtoa huduma analazimika kumpa mteja, bila kuombwa na bila malipo, taarifa zote za kuunganishia ruta yake mwenyewe, na mtandao wa kampuni unahesabiwa kuishia kwenye soketi ya ukutani. Tangu hapo Wajerumani hununua ruta madukani, na mitandao ya nchi hiyo haijaanguka kwa sababu hiyo.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la kiufundi, na mhandisi wa faiba atalitoa kabla sijamaliza sentensi. Katika mfumo wa GPON, nyumba 32 au 64 hushirikiana waya mmoja unaogawanywa na kipande cha kioo kisichotumia umeme. Kila kisanduku hupewa sehemu yake ndogo ya muda ya kutuma mwanga. Kimoja kikikosea zamu yake na kutuma ovyo, kinaweza kuzima nyumba zote zilizo kwenye waya huo. Hili ni kweli, na ndiyo maana sisemi kila kitu kifunguliwe. Lakini hatari hiyo inatoka kwenye kazi ya kwanza ya kisanduku, ile ya kupokea na kutuma mwanga. Haina uhusiano wowote na seva ya majina, chaneli ya waifai au mtandao wa wageni. Chukua mfano wa umeme nchini Tanzania: mita ya LUKU ni ya shirika la TANESCO, na anayeichezea anavunja sheria. Lakini soketi na swichi zilizo ndani ya nyumba ni za mwenye nyumba, na shirika halichagui afunge taa gani sebuleni. Faiba inaweza kugawanywa vivyo hivyo. Kampuni ibaki na kipokea mwanga chake, nacho kiwekwe katika hali ya daraja, yaani kipitishe data tu bila kuigawa, kisha ruta ya mteja ifanye kazi ya nyumba. Visanduku vingi vilivyomo majumbani sasa vina uwezo huo tayari, umefichwa tu.

Kuhusu gharama za huduma kwa wateja, kampuni ina haki ya kusema kwamba msaada wake unaishia kwenye kipokea mwanga. Mteja aliyeharibu mipangilio yake abonyeze kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani. Na kuhusu ubora wa ruta za madukani, mamlaka za mawasiliano kama TCRA ya Tanzania na ile ya Kenya tayari zina utaratibu wa kuidhinisha aina za vifaa kabla havijauzwa. Kifaa kilichopita hapo hakina sababu ya kukataliwa mara ya pili na kampuni binafsi.

Lazima nikiri pia mpaka wa pendekezo langu. Akiba ya anwani za intaneti za IPv4 ya AFRINIC, shirika linalogawa anwani hizo Afrika, iliingia hatua ya mwisho ya mgawo Januari 2020, na watoa huduma wengi huwashirikisha wateja wengi anwani moja ya nje. Katika hali hiyo, mwenye kamera hata akipewa mipangilio yote ya ruta, njia ya kuingia kutoka nje bado itakuwa imefungwa kwenye mitambo ya kampuni. Dawa yake ni IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi zaidi, na kila mwaka kampuni zinapoiahirisha, mteja anaendelea kuwa na intaneti ya kupokea tu.

Jambo la mwisho ni faragha, nalo halijajadiliwa inavyostahili. Kwa njia ya TR-069 mtoa huduma anaweza kusoma orodha ya vifaa vilivyounganishwa ndani ya nyumba, pamoja na majina yake: simu ya nani, televisheni ya aina gani. Uganda na Kenya zilipitisha sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Taasisi zinazosimamia sheria hizo zinaweza kuanza kazi kesho bila kusubiri sheria mpya: ziwatake watoa huduma waandike ndani ya mkataba ni taarifa zipi wanasoma kutoka kwenye ruta, wanazihifadhi kwa muda gani, na mteja anayetaka kisanduku chake kiwekwe katika hali ya daraja aombe wapi na ajibiwe ndani ya siku ngapi.