Walimwandikia Mfalme kwa Kinahuatl

Msikilizaji, mwaka 1560 wakuu wa mji wa Huejotzingo, nchini Mexico, walimwandikia barua Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania. Waliandika kwa Kinahuatl, lugha yao wenyewe. Kilio chao kilikuwa kodi: peso 14,800, na mahindi juu yake. Wakamkumbusha kwamba waliwasaidia Wahispania vitani, na hawakustahili mzigo huo.

Kwa nini tuzungumzie karatasi ya kale namna hii? Kwa sababu kodi, shamba na urithi ni mambo ya kila nyumba. Chukua hati za wosia za mji wa Culhuacan, pia wa Mexico, zilizoandikwa kwa Kinahuatl miaka ya 1580. Humo mama aliye mgonjwa kitandani anataja nyumba yake, kipande chake cha shamba, nani arithi na nani alipwe deni. Mtu wa kawaida kabisa, na bado tunamsikia.

Sasa, wapo wanaotahadharisha tusizisifu mno hati hizi. Wanasema herufi zilizotumika kuandika Kinahuatl zililetwa na mapadri, na walioshika kalamu walikuwa wakubwa. Mnyonge aliandikiwa tu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa upande wa pili, kalamu hiyohiyo ilipeleka mashtaka mahakamani na kutetea ardhi ya vijiji, kizazi baada ya kizazi. Kwangu mimi, hilo ni kubwa mno kupuuzwa.

Leo zaidi ya watu milioni 1.5 wanazungumza Kinahuatl. Je, wangapi kati yao wamewahi kupewa nafasi ya kuzisoma hati hizi za mababu zao?