Nyumba Mliyotuchangia



Sina budi kuanza kwa kuomba radhi. Kamati iliponitaka nizungumze juu ya mikopo ya nyumba, nadhani ilitaraji kumsikia mtu aliyeishitaki benki na asishindwe. Lakini mwishoni mwa mwaka 2008, tulipokutana kama hivi, marehemu Ami aliniuliza mbele ya watu, “Nyumba yetu haijambo?” Nikajibu haijambo. Siku ile nilikuwa nimechelewa malipo ya miezi miwili.

Alikuwa na haki ya kuiita yetu. Mwaka 2001 mlituchangia dola 9,000, kutoka Maskati, London, Toronto na kwingineko, tukanunua nyumba nje kidogo ya mji wa Baltimore kwa mkopo wa miaka thelathini, riba asilimia 7 isiyobadilika. Ulikuwa mkopo mzuri. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa kuwa niliuacha kwa hiari yangu.

Mwaka 2006 paa lilivuja na mama alihitaji matibabu. Akatujia dalali wa mikopo, mtu wa kwetu, aliyempa mama shikamoo kabla hajaketi. Hakuja na vitisho, alikuja na sambusa. Akatuonyesha mkopo mpya wa dola 228,000 kwa asilimia 6.9, wa kulipa ule wa kwanza na kutuachia fedha za paa na daktari. Tarehe 16 Juni, saa tatu ya usiku, mimi na mke wangu tulitia saini rundo la karatasi juu ya meza ya kulia chakula. Hatukusoma hata moja hadi mwisho.

Asilimia ile ilikuwa ya miaka miwili tu. Baada ya hapo riba ilipanda hadi 9.9, na malipo ya mwezi yakatoka dola 1,502 yakafika 1,965. Nilipotaka kuhamia mkopo mwingine nikaambiwa kwamba anayelipa deni lote kabla ya miaka mitatu hutozwa faini, na yangu ilizidi dola 6,000. Dalali naye alikuwa amebadilisha namba ya simu. Baadaye sana tulifahamu kwamba alilipwa na mkopeshaji ziada kwa kututia katika riba ya juu kuliko tuliyostahili.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe. Barua za benki zilipoanza kuja nilizitia katika droo, chini ya kadi za chanjo za watoto. Nikifika kazini najifunza kutabasamu. Niliona haya kwa mke wangu, na zaidi niliona haya kwenu, kwamba fedha za ukoo zimeliwa mikononi mwangu. Nilikaa hivyo miezi saba. Siku mke wangu alipotafuta kadi ya chanjo, alizikuta. Hakunigombeza. Alizitia zote katika mfuko mtupu wa unga, akanichukua hadi ofisi ya mawakili wanaosaidia watu bila malipo.

Wakili yule, mama wa makamo, hakuniuliza kwa nini nilitia saini. Aliuliza nilitia saini siku gani. Kisha akatazama kalenda: ilikuwa tarehe 21 Mei 2009. “Mmebakiwa na siku ishirini na sita,” akasema.

Maana yake ni hii. Marekani ina sheria ya mwaka 1968 inayomlazimisha mkopeshaji kusema kweli yote juu ya gharama ya mkopo. Mtu akiweka rehani nyumba anayoishi kwa mkopo mpya, usio wa kununulia nyumba hiyo, ana siku tatu za kazi za kuutengua, na kila mwenye nyumba hupewa nakala mbili za ilani ya haki hiyo. Asipopewa, muda waweza kufika miaka mitatu. Katika mfuko wa unga wakili alikuta nakala moja tu, nayo haikuandikwa tarehe. Barua ya kutengua mkataba ilitumwa wiki ile ile.

Benki haikujibu, bali ilianza taratibu za kuinadi nyumba. Mwaka 2010 tukafungua kesi katika mahakama ya shirikisho. Wakili wao alishikilia kwamba barua haitoshi, kwamba tulipaswa kushitaki ndani ya miaka mitatu. Jambo hilo liliamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani Januari 2015, katika kesi ya Jesinoski dhidi ya Countrywide: majaji wote tisa walisema barua yatosha. Sisi tulikuwa tumekwisha kupatana mwaka 2012, kwa hiyo ile miaka yote tulilala bila kujua.

Katika kesi ndipo nilipoiona fomu yangu ya maombi. Mshahara wangu wa dola 41,000 umeandikwa 78,000, na saini ni yangu.

Hatukuwa peke yetu. Januari 2008 mji wenyewe wa Baltimore uliishitaki Wells Fargo, na waliokuwa wafanyakazi wake wakaapa kwamba wateja weusi walisukumwa kwenye mikopo ghali, hata waliostahili nafuu. Benki hiyo ilikana kosa, lakini Julai 2012 ilikubali kulipa dola milioni 175 kumaliza mashitaka ya serikali. Countrywide ilikubali milioni 335 Desemba 2011, kwa wakopaji zaidi ya 200,000.

Mkataba wa suluhu wanikataza kumtaja mkopeshaji wangu au kueleza masharti. Wanaodhani nilipata nyumba ya bure wamekosea: anayetengua mkopo hurudisha mtaji, ila riba na ada alizolipa hupunguzwa. Deni ninalo bado, na paa halivuji. Wapo miongoni mwenu walionionya tangu 2001 kwamba riba ni riba, iwe ndogo au kubwa. Sina hoja ya kuwajibu.

Tangu Januari 2014 mkopeshaji wa nyumba analazimika kuhakikisha kwamba mkopaji ana uwezo wa kulipa, na hilo limepunguza balaa. Lakini mwaka huu vijana wetu wawili wamenipigia simu juu ya karatasi walizopewa kutia saini. Nimewaomba waje nazo hapa. Baada ya chakula nitakuwa pale penye birika la chai, na miwani yangu ninayo.