Jina Kitabuni, Mti Msituni

Wazulu wa Afrika Kusini huuita isibhaha mti ambao gome lake, kali kama pilipili, ni dawa ya kikohozi na mafua. Mwaka 1996 Anne Hutchings na wenzake walichapisha orodha ya mimea ya dawa ya Wazulu. Jina liko salama kitabuni. Mti wenyewe umeadimika: ukibambuliwa shina lote, chakula hakishuki mizizini, unakauka. Pale Silverglen, Durban, kitalu huotesha miche kwa ajili ya waganga. Hapa Kenya ndugu yake ni muthiga, na makovu yake mnayaona. Kwa hiyo anayeandika majina kutoka kwa wazee aulize pia: gome hutolewa upande gani, kiasi gani?