Kijana Anataka Kuendesha Lori: Tumlipie Wapi?

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Githurai 45)

Akina mama na akina baba wa vikundi, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni kama watu walio tayari kutoroka, mwenyekiti ameniomba niongee juu ya jambo ambalo limeletwa kwetu na vikundi vitatu kwa muda mfupi. Mtoto amemaliza fomu foo, amekaa nyumbani, amefanya mjengo kidogo, na sasa amesema anataka kuwa dereva wa lori. Kikundi kinaombwa kimkopeshe pesa za kujifunza. Je, tutoe? Na tukitoa, aende wapi?

Mimi si dereva. Mimi ni mfanyakazi wa huduma za jamii, na haya nimeyapata kwa kukaa na madereva, kwa kuuliza uliza, na kwa kosa moja langu ambalo nitawaambia.

Sisi wa Githurai hatuhitaji kuelezwa lori ni nini. Ukipita sokoni alfajiri unayakuta yamejipanga, hili la kabeji, lile la ndizi, lingine la viazi, na akina mama wamezunguka wakipigania bei. Mawe ya kujengea yanatoka Ndarugu kila siku kuja kwenye ploti za Ruiru na Kahawa. Thika kuna viwanda, Ruiru kuna maziwa na vyuma. Kwa hivyo kazi iko, lakini hupanda na kushuka. Treni za mizigo za reli mpya zilianza mwanzoni mwa 2018, na mwaka 2019 serikali ikajaribu kulazimisha makontena yapande reli. Kule Mombasa wenye malori na madereva wakaandamana. Mwaka 2022 agizo hilo likaondolewa. Katikati hapo, mwaka 2020, ikaja korona, na madereva wakalala foleni Malaba na Busia siku nyingi wakingoja majibu ya vipimo. Nasema haya kwa sababu pesa zenu zitarudishwa na mtu ambaye kazi yake inaweza kusimama hivyo hivyo, bila yeye kukosea.

Sasa lile kosa. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja kiliniuliza kama wamkopeshe kijana wa mwanachama wao sh. 22,000. Mimi ndiye niliyesema sawa. Kulikuwa na shule fulani, sitaitaja, iliyosema wiki tatu zinatosha na leseni "itapatikana". Hilo neno lingenishtua. Halikunishtua, niliona ni bei nzuri. Kijana alizungushwa kwenye pikapu mara chache, siku ya mtihani alienda akaitwa jina, akarudi na karatasi. Tulifurahi, tukanywa chai.

Baada ya miezi miwili alipata lori la mawe. Mwenye lori hakumuuliza amewahi kubeba mzigo au la. Aliangalia leseni tu. Siku ya nne, kwenye mteremko, lori limejaa, alikuwa kwenye gia kubwa. Akakanyaga breki, akakanyaga tena, zikapata moto zikaacha kushika. Yeye alivunjika mbavu. Tanboi alikuwa amekaa juu ya mawe, kama wanavyokaa wote, na alikatwa mguu. Huyo tanboi alikuwa mtoto wa mama mwingine wa kikundi hicho hicho. Hawa mama wawili walikaa karibu mwaka mzima bila kusalimiana, na mimi nilikuwa nikiingia mkutanoni sijui nimtazame nani.

Nilipoanza kuuliza madereva wa zamani, wote waliniambia kitu kimoja kwa maneno tofauti: gia ambayo ungepandia ule mlima, ndiyo unashukia nayo. Injini ndiyo inazuia lori, breki ni za kusaidia. Mtu akitoa gia ili kuokoa diseli, ule uzito wote unaachiwa breki peke yake. Salgaa na Sachangwan, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, palipata jina baya kwa sehemu kwa sababu ya mchezo huo. Na mnakumbuka Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori liliposhindwa kusimama likaingia kwa watu waliokuwa kando ya barabara. Waliokufa hawakupungua 52. Wengi walikuwa wachuuzi na abiria wa steji, watu kama sisi.

Yule kijana hakufundishwa hilo. Si kwamba alisahau. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Alikuwa amefundishwa kupita mtihani, na hata huo hakuufanya.

Siku hizi sheria imejaribu kuziba shimo hilo. Zamani wengi wetu tulijua leseni ya "BCE", unafanya mtihani mmoja unatoka na ruhusa ya gari dogo na lori pamoja. Kanuni za mwaka 2020 zilileta madaraja. Kijana anaanza na B, gari dogo, kuanzia miaka 18. Halafu C1, lori dogo. Halafu C, lori la kati. Yale makubwa yenye trela ni CE, na huko hufiki mpaka uwe umeshika madaraja ya chini kwa muda, na umri unaotakiwa ni mkubwa zaidi. Kwa hivyo mtu akiwaambia kwamba kijana wa miaka 19 atatoka kwake baada ya mwezi mmoja akiwa dereva wa trela, huyo anauza karatasi. Mwondokeeni.

Maana yake kwa kikundi ni kwamba mkopo wa udereva si wa mara moja. Ni safari ya miaka. Kijana ajifunze gari dogo, atafute kazi ya pikapu au kanta ya kusambaza mikate, maziwa, sabuni, chochote, alipe deni la kwanza, ndipo arudi kuomba la pili apande daraja. Vijana hawapendi kusikia hivyo. Wanataka ile kubwa ya kwenda Kampala.

(Hapa mama mmoja aliuliza: "Lakini mwalimu, wazee wetu wote walianza tanboi. Hawakulipa shule yoyote. Kwa nini tusimtafutie lori akae kando ya dereva?")

Asante mama. Swali hilo ni zuri kuliko hotuba yangu. Ni kweli, na mimi sitaki kudharau utanboi. Tanboi anajua kufunga turubai, kubadilisha tairi usiku kwenye matope, kupanga mzigo usilale upande mmoja, kusikia injini ikilia vibaya. Anajua karatasi za mzigo na anajua mizani ya Juja na Mariakani, kwamba ekseli ikizidi uzito lori linazuiwa. Mambo hayo hakuna shule ya Githurai inayoyafundisha. Kijana aliyekaa tanboi mwaka mmoja kisha akaenda shule, huyo namwamini kuliko yule wa shule tupu.

Lakini tanboi hujifunza kila kitu cha dereva wake, na ubaya pia. Akikaa na mtu wa kutoa gia mteremkoni, atatoa gia. Akikaa na mtu wa kutafuna miraa ili asilale, ataona ndiyo kazi. Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la biashara asipite saa nane za kuendesha katika saa 24, na wengi hawajawahi hata kuisikia. Kisha kuna ile ya dereva kuchoka saa nane usiku akamwambia, "Shika kidogo nilale." Hana leseni. Akigonga mtu, bima inapata sababu ya kukataa kulipa, na mwenye kufungwa ni yeye. Kwa hivyo mama, atangulie utanboi kama kuna dereva mnayemjua tabia yake, lakini usukani asiuguse mpaka apate leseni.

Tukija kwa shule. Msichague kwa tangazo lililobandikwa kwa mlingoti wa stima. Tumeni watu wawili, mmoja wenu awe ni mama asiyeona haya kuuliza. Waulize kama shule na mwalimu wamesajiliwa na NTSA, waonyeshwe cheti. Waulize lori liko wapi. Si picha, lori. Shule nyingine inaandika malori ukutani na ina kagari kamoja kadogo. Waulize wanafunzi wangapi wanagawana hilo lori, na kijana atakaa kwenye usukani saa ngapi kwa jumla, kwa sababu kukaa nyuma ukimtazama mwenzako si kuendesha. Waulize kama anafundishwa akiwa na mzigo, kwenye mlima, na usiku. Wengi hawatakuwa na mzigo. Sawa, lakini mwalimu akicheka swali lenu, nendeni kwingine. Ile meza iliyochorwa barabara, ambapo mwanafunzi anasukuma kagari kadogo akieleza vile atazunguka raundabauti, ni nzuri kwa mtihani. Haifundishi breki za upepo.

Anayetaka kazi ya serikali au kampuni kubwa aanze mapema kuweka makaratasi mengine: cheti cha polisi cha tabia njema, huduma ya kwanza, kozi ya kuendesha kwa kujihadhari. Chama cha AA, ambacho kiko nchini tangu 1919, kinafundisha hiyo ya mwisho. Kwa serikali kuna pia jaribio lao la madereva. Na mwenye kichwa cha ufundi asiache kuulizia NITA, au NYS, kwa mambo ya makanika na mitambo, kwa sababu dereva anayejua kilicho chini ya lori hakosi kazi kwa urahisi. Wasichana pia. Hakuna mahali sheria imesema lori ni la wanaume, na mmoja wa vikundi vitatu nilivyotaja anaomba kwa ajili ya binti.

Juu ya pesa nitasema kidogo tu. Kijana asipewe mkononi. Mweka hazina alipe shule mwenyewe, kwa vipande, na kila kipande kilipwe baada ya kuona daftari la saa alizoendesha. Risiti zikae kwa kikundi. Mzazi na kijana wote wawili watie sahihi. Na siku ya mtihani mmoja wenu amsindikize, akae nje kwenye jua angojee, ajue kama kweli alifanya.

Yule kijana wangu alipona. Hakurudi kwa lori. Anauza vipuri hapa karibu na steji, na alilipa zile 22,000 zote, mia tano mia tano. Nusu ya mwisho kikundi kilimwambia aipeleke kwa yule tanboi, akanunua cherehani.

Vile vikundi vitatu, nawangoja Alhamisi saa nane baada ya soko. Mje na kijana wenyewe, si mzazi peke yake.