Nauli Peke Yake Haitoshi: Kumwandaa Mgonjwa wa CT Scan ya Sinasi

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za afya za sharika)



Wajumbe wa kamati na wafadhili wetu wapendwa, tunawashukuru kwa kuuchangia mfuko wa diakonia. Leo tunaanza kwa kukiri kosa. Mwaka jana tulimlipia mama mmoja nauli na gharama za CT scan ya sinasi, yaani vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso. Alisafiri siku nzima. Alifika akiwa na mafua makali, tena hajala tangu jana yake kwa kuwa jirani alimwambia afunge. Daktari alimrudisha nyumbani amalize kwanza dawa za pua. Nauli ilipotea kwa sababu tulitoa fedha bila maelezo.

Tumejifunza mambo manne.

Kwanza, kwa ugonjwa wa muda mrefu, unaozidi wiki 12, kipimo hiki hufanyika mara nyingi baada ya tiba. Mafua ya kawaida nayo huvimbisha utando wa sinasi, na picha ya wakati huo yaweza kumpotosha daktari. Mgonjwa akishikwa na mafua kabla ya safari, apige simu hospitali kwanza.

Pili, mara nyingi hakuna haja ya kufunga. Lakini daktari akishuku uvimbe au maambukizi yaliyosambaa, huagiza dawa ya kung'arisha picha inayodungwa kwenye mshipa. Hapo mgonjwa aseme kama ana ugonjwa wa figo, kisukari au mzio, na asiache dawa zake bila kuuliza. Mtoto atakayepewa dawa ya usingizi hupewa masharti yake ya kula.

Tatu, mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla ya kupimwa. Hereni, vibanio vya nywele, miwani na meno ya bandia huvuliwa, maana chuma huharibu picha. Kipimo chenyewe hakiumi. Mgonjwa hulala bila kutikisika kwa dakika chache tu.

Nne, abebe barua ya rufaa, picha za zamani, orodha ya dawa na kadi ya bima.

Hata hivyo, jicho likivimba, akiona vitu viwiliviwili, au akiumwa kichwa sana huku shingo imekakamaa, asisubiri miadi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ombi letu ni moja: kila usharika uteue mjumbe wa kukaa na mgonjwa kabla hajapanda basi, wasome pamoja maelekezo ya hospitali, na kuthibitisha miadi kwa simu. Yule mama alisafiri mara ya pili akiwa ameandaliwa, akapimwa na kuanza tiba inayomfaa. Safari ya kwanza ingetosha, kama tungekaa naye nusu saa.