Kanda za Wazee Wetu Zisipotee



Ndugu wajumbe wa kamati za sharika, na wafadhili wetu wapendwa,

Mwaka 2004 tulirekodi wazee wa Meru wakieleza walivyohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, shauri ambalo Kirilo Japhet alilifikisha Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Tulitumia kanda ndogo za MiniDV. Kanda ya dakika 60 kwa mwendo wa kawaida, yaani SP, hufikia dakika 90 kwa mwendo wa polepole, yaani LP. Ili kubana matumizi, tulichagua LP.

Hapo tulikosea. Kwenye LP mistari ya kumbukumbu ni myembamba zaidi, na kamera nyingine mara nyingi hushindwa kuisoma. Kamera yetu ilikwisha haribika. Leo baadhi ya kanda zinatoa picha za kukatikakatika, bila sauti. Wengi wa wazee wale wamelala katika Bwana; hatuwezi kuwauliza tena.

Kwa hiyo tunaomba kila usharika ukague makabati yake. Sogezeni kitufe cha nyuma ya kanda kwenye SAVE, isirekodiwe tena. Zitunzeni mahali pakavu pasipo vumbi. Tuleteeni kwanza zile za LP, pamoja na kamera iliyozirekodi kama ipo. Saa moja ya kanda huhamishwa kwa saa moja nzima, na hujaza takriban GB 13 kwenye kompyuta. Wafadhili wetu, hapo ndipo tunapohitaji mkono wenu: diski za kuhifadhia.